Atomu kwa mahindi, maharagwe na simsim

Nilimwelekeza hivi mpwa wangu hapa Mbale jinsi ya kuunda mfano wa atomu, akaelewa jioni ileile. Chora miduara mitatu sakafuni kwa chaki, mmoja ndani ya mwingine. Katikati kabisa ndipo kiini: rundika mahindi (protoni) na maharagwe (nyutroni). Simsim ni elektroni, zipange juu ya miduara. Sodiamu: mahindi 11, maharagwe 23 (namba yake ya masi) toa 11, yaani 12, simsim 2, 8, kisha 1 kuanzia mduara wa ndani. Hesabu inakubali kwa sababu namba ya masi huhesabu vilivyomo kiinini tu. Elektroni ni nyepesi mno, kama simsim yenyewe mbele ya haragwe. Ila klorini yenye masi ya 35.5 itakukwamisha, maana huo ni wastani wa isotopu mbili (atomu za klorini zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni), 35 na 37. Chagua moja kwanza. Ikiwa ni ayoni ya sodiamu (atomu iliyopoteza elektroni), ondoa simsim ile ya nje, mahindi usiyaguse.