Kabla Hujashika Msumeno: Kujiandaa Kutengeneza Zawadi za Krismasi za Mbao Nyumbani

Zawadi ya Krismasi ya mbao huanza Agosti. Ikichelewa sana, Septemba. Wengi wetu hulikumbuka jambo hili Desemba ikishaingia, tiketi za basi za kwenda Moshi na Rombo zimeanza kuadimika, ndipo mtu anatafuta msumeno uko wapi. Ila kwa sisi tulio pwani na kaskazini mwa Tanzania, Krismasi inakuja na mvua za vuli, zinazoanza Oktoba na kufika hadi Desemba. Hewa imejaa unyevu, mbao za dukani zimenyeshewa, gundi inachelewa kushika, na vanishi uliyopaka juzi bado inanata kidoleni. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kujiandalia ni mbao kavu. Mengine yote yanaweza kusubiri.

Hili nililijua kwa gharama. Mwaka mmoja nilimtengenezea shangazi yangu wa Dodoma kibweta cha mninga cha kuwekea vitu vyake. Mbao niliinunua Dar es Salaam mwezi wa Novemba. Nikamuuliza muuzaji, "Imekauka hii, kaka?" Akajibu, "Imekauka kabisa bosi, iko hapa wiki ya tatu." Mfuniko niliutoa kwenye ubao mmoja mpana, na ili usipinde, nikapigilia chini yake vipande viwili vya kukingama, tena nikavitia gundi urefu wote. Kibweta kilipendeza kweli. Krismasi ikapita, mvua za Dodoma zikaisha, na ilipofika Juni shangazi akanipigia simu: "Baba, kile kibweta chako usiku kimelia paa! Kuamka kutazama, mfuniko umepasuka katikati."

Kosa halikuwa la shangazi wala la Dodoma. Mbao ikikauka husinyaa kwa upana. Kwa urefu karibu haisinyai kabisa. Mfuniko wangu ulitaka kupungua upana kwenye hewa kavu ya Dodoma, lakini vile vipande vya kukingama havikupungua urefu, na gundi ilikuwa imevishikamanisha. Kitu kilipokosa pa kwenda, kikapasuka. Siku hizi vipande vya kukingama navifunga kwa skrubu bila gundi, na matundu ya skrubu nayarefusha kidogo ili mbao ipate kusogea. Na kabla sijakata chochote, najiuliza zawadi itakwenda kuishi wapi. Kitu kilichotengenezwa Dar kitasinyaa kikifika Dodoma; mfuniko uliotengenezwa Dodoma ukiwa umebana sawasawa utavimba ukifika Tanga na utagoma kufunguka. Acha nafasi, hasa kwenye mifuniko na droo.

Kuhusu kujua kama mbao imekauka, usitegemee kuigonga wala maneno ya muuzaji. Mizani ya jikoni inatosha. Kata vipande vya urefu unaouhitaji, ukiacha ziada ya inchi moja kila mwisho, maana ncha ndizo hukauka haraka na kupasuka kwanza. Vipange ndani ya nyumba juu ya vijiti vya unene mmoja, hewa ipite juu na chini, mbali na jua na mbali na jiko. Kila Jumapili pima uzito na uuandike kwa penseli juu ya kipande chenyewe. Nina kipande cha mninga ambacho mpaka leo kina safu ya namba upande wa chini: 1,310, 1,265, 1,240, 1,228, 1,226, 1,226. Hizo ni gramu, wiki kwa wiki. Namba zikiacha kushuka, mbao imeshalingana na hewa ya nyumba yako na unaweza kuanza kazi.

Kama hujawahi, usikimbilie kununua mbao nzima ya futi kumi na mbili. Nenda kwa mafundi wa samani, kama wale wa Keko, Dar es Salaam, ukaombe mabaki. Vipande vya mninga, mkongo au mtiki ambavyo kwao ni vya kuni, kwako ni mwiko, kibao cha kukatia, fremu ya picha. Mara nyingi vimekaa chini ya benchi miezi mingi na vimekauka kuliko chochote utakachouziwa. Kagua matundu madogo yanayotoa unga mpya: hao ni bungua, na ukiwaingiza kwenye karakana yako watahamia kwenye mbao nyingine. Ukinunua mbao yenyewe, dai risiti, na uhakikishe mzigo una vibali vya misitu. Biashara ya magogo yasiyo na karatasi ndiyo inayotumalizia mininga.

Kuna mbao za kuziacha kabisa. Mbao za paini zenye rangi ya kijanikijani zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, na dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki. Ni nzuri kwa kenchi la nyumba. Si za kijiko wala gari la mtoto, na mabaki yake yasichomwe jikoni. Za mapaleti ya bandarini, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, tafuta alama iliyochomwa pembeni: herufi HT maana yake imetibiwa kwa joto, hiyo inafaa kwa rafu au fremu, MB maana yake imefukizwa kwa gesi ya methili bromaidi, iache. Isiyo na alama yoyote pia iache, hujui ilibeba nini.

Jambo la pili ni mpokeaji. Hapa nasema kwa uchungu kidogo, kwa sababu nimeona zawadi nyingi za mbao zikipigwa vumbi juu ya kabati. Tengeneza kitu kitakachoshikwa kila siku. Babu anayecheza bao atafurahia bao jipya lenye mashimo 32, lililosuguliwa ndani ya kila shimo mpaka kete ziteleze bila kukwama, pamoja na mfuko wa kete 64 za komwe. Lakini anza na hesabu: mashimo 32 ya kuchimba kwa patasi na kusugua kwa mkono ni kazi ya jioni nyingi, si ya wikiendi moja. Mama atafurahia mwiko unaomkaa mkononi. Kabla ya kuutengeneza, uazime ule anaoutumia sasa kwa siku moja, uuweke juu ya karatasi, uuzungushie penseli. Utaona umelika upande mmoja. Huo ndio upande anaokandamizia ugali kwenye sufuria, na mwiko wako mpya unaweza kuzaliwa ukiwa tayari na umbo hilo. Mimi nilifanya hivyo mara moja tu, na mwiko ule haujawahi kutundikwa ukutani.

Zana sitazizungumzia sana. Msumeno wenye meno makali, randa, patasi mbili, drili, tepu, skwea, klempu nne (vibanio vya kushikilia mbao gundi ikikauka) na msasa wa namba 80, 120, 180 na 240 vinatosha kwa karibu kila kitu nilichotaja. Nunua klempu kabla ya mashine. Panga kazi ya mashine iwe ya mwanzo wa msimu na ya mchana, kwa sababu ya umeme unaoweza kukatika na kwa sababu ya jirani mwenye mtoto mchanga. Kazi ya jioni iwe ya mkono.

Vumbi ni suala lingine. Tangu mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la mvule linawasha ngozi na kubana kifua kwa watu wengi, na la mpingo nalo si la kulichezea. Leso puani haizuii vumbi laini la msasa. Barakoa za N95 tulizozizoea wakati wa korona ndizo zinazofaa. Kama karakana yako ni baraza au kona ya jikoni, sugua nje, upepo ukiwa mgongoni kwako, na futa vumbi kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia. Nguo za kazi zivuliwe kabla hujambeba mtoto.

Nikimtaja mtoto, hapa naomba tusimame kidogo. Gari la mbao ni zawadi inayotengenezwa kwa upendo mwingi na kwa haraka nyingi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu atalinyonya na kuling'ata kabla hajaliviringisha. Kipimo kinachotumika kwenye viwango vya usalama wa vichezeo ni bomba la upana wa milimita 31.7: kipande chochote kinachoingia chote humo kinaweza kumkaba mtoto huyo. Tengeneza kitobo cha upana huo kwenye kibao, ukitundike karakana, na kila gurudumu, dereva na kichwa cha twiga kipitishiwe hapo. Kisha vuta gurudumu kwa nguvu zako zote. Likitoka mkononi mwako, litatoka mdomoni mwake. Usitumie misumari kufunga ekseli. Tumia kijiti cha mbao kilichotiwa gundi. Kingo zote zisuguliwe mpaka zipite shavuni bila kukwaruza. Rangi iwe ile iliyoandikwa kwenye kopo kuwa haina risasi na inafaa kwa vichezeo. Usipoipata, acha mbao yenyewe ionekane, inatosha.

Vitu vya jikoni vina masharti yake. Kibao cha kukatia nakushauri kitoke kwenye ubao mmoja, kwa sababu gundi nyeupe ya kawaida hulegea ikilowa kila siku. Mbao iwe ngumu, ya nyuzi zilizobana, isiyo na harufu kali. Mti usioujua usiutengenezee chombo cha chakula. Usipake vanishi, maana kisu kitaibandua na vipande vitaingia kwenye mchicha. Mafuta ya kupikia nayo usiyapake. Yanaganda yakawa ya kunata na kuchacha. Mimi hutumia nta ya nyuki na likwidi parafini ya duka la dawa, ile ile ya kulainisha choo: sehemu moja ya nta kwa sehemu nne za likwidi parafini hiyo. Weka bakuli ndani ya sufuria yenye maji ya moto, kamwe si juu ya moto moja kwa moja. Ikiyeyuka, koroga, iache ipoe, paka kwa kitambaa, subiri usiku kucha, kisha futa.

Kwa fremu, vibweta na bao, mafuta ya mbegu za kitani (linseed) yanaleta rangi nzuri kuliko yote ninayoijua. Ila sikiliza. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo, vikikunjwa na kutupwa kwenye ndoo, hujipasha joto vyenyewe kadiri mafuta yanavyokauka, na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Si hadithi. Nimewahi kurudi karakana baada ya chakula cha jioni nikakuta kitambaa nilichokisahau juu ya maranda kimekuwa cha moto kiasi cha kutoshikika, na harufu ya kuungua imeanza. Tangu siku ile kuna kamba nje, kama ya kuanikia nguo, ya vitambaa vya mafuta peke yake. Kila kimoja kinaanikwa kimetanuliwa mpaka kikauke na kukakamaa, au kinatumbukizwa kwenye ndoo ya maji. Kama huna pa kuanika, chagua nta na uyaache mafuta ya kitani.

Ukishaamua nini na kwa nani, hesabu siku kurudi nyuma. Kama unasafiri tarehe 20 Desemba, mkono wa mwisho wa mafuta au vanishi uwe umepakwa kabla ya tarehe 5, kwa sababu ya vuli. Kila mkono upe siku mbili au tatu wakati wa mvua, hata kama kopo linasema saa nane. Gundi iwe imemalizwa katikati ya Novemba. Ingawa klempu unaweza kuzitoa baada ya saa moja au mbili, usiupige kiungo randa kabla ya siku nzima kupita. Kukata na kuunganisha kuwe Oktoba. Mbao iwe imeanza kukaa kwenye vijiti vyake Agosti. Na kama unasoma haya Novemba imeshafika, achana na kibweta. Tafuta mabaki makavu, tengeneza miiko mitatu mizuri.

Fikiria pia njia. Mizigo ya Desemba hupangwa kwenye buti la basi chini ya magunia, hivyo kitu chenye miguu kama kigoda kitengenezwe miguu yake itoke, ama kibebwe mapajani. Funga kwa khanga au nguo kuukuu na si nailoni; mbao iliyofungwa nailoni kwenye joto la buti hutoka jasho na kupata ukungu. Kama zawadi inakwenda kwa ndugu walio ng'ambo, isiwe na ganda la mti wala tundu la mdudu, maana nchi nyingi huzuia vitu hivyo mpakani. Mpingo uko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, pamoja na jamii yake yote tangu 2017, kwa hiyo uliza ofisi ya misitu kabla ya kuutuma.

Mwisho kabisa, andaa kikaratasi cha kutia ndani ya zawadi, ukiandike kwa mkono. Changu cha mwiko kinasema: "Huu ni mti wa mchungwa. Usiuloweke usiku kwenye sufuria. Uoshe, uufute, uusimamishe ukauke. Ukianza kufifia, upake nta iliyomo kwenye kikopo hiki." Kikopo chenyewe kinakaa pembeni, kimefungwa kwa uzi.