Sebenza 21 iliyotumika: jinsi ya kuikagua kabla hujalipa

Chris Reeve Knives, watengenezaji wa visu wa Boise, Idaho, Marekani, walileta kisu cha kukunja cha Sebenza 31 kati ya 2019 na 2020, na Sebenza 21 ikaachwa kutengenezwa. Tangu hapo wakusanyaji wengi hawaitaki mpya. Wanatafuta 21, au zile za kabla yake, na wauzaji wanajua hivyo. Sebenza ni neno la Kizulu, maana yake fanya kazi. Chris Reeve mwenyewe alianza kutengeneza visu Durban, Afrika Kusini, kabla ya kuhamia Marekani mwaka 1989. Ajabu ni kwamba kisu chenye jina hilo siku hizi kinanunuliwa kilale kabatini.

Kwanza ujue kilichobadilika, maana ndicho unacholipia. Kwenye 21, shavu moja la mpini wa titani limechanjwa likatoa ulimi, na ulimi huo ndio unaosukumwa nyuma ya kisigino cha ubapa, yaani mwisho wake ulio ndani ya mpini, kukizuia kisu kisijikunje. Titani inagusana na chuma moja kwa moja, na ncha ya ulimi imepitishwa kwenye moto ili isilike upesi. Kwenye 31, gololi ndogo ya kauri imekaa kwenye ncha ya ulimi. Gololi hiyohiyo inazuia ubapa ukiwa wazi, na inaushikilia ukiwa umekunjwa. Kauri haichakai kirahisi, lakini ufungaji wake una mguso mwingine kabisa kidoleni, na wazoefu wa 21 hawaupendi.

Klipu ya kukishikiza kisu mfukoni nayo imehamishwa. Ya 21 inalala juu ya ulimi. Ukikikumbatia kisu kwa nguvu unaukandamiza ulimi ndani na kufungua ubapa kunakuwa kugumu. Ya 31 imewekwa mshazari ili iuachie ulimi nafasi. Hapa waliofanya mabadiliko walikuwa na haki, ingawa klipu ya mshazari inaonekana kama imefungwa na mtu aliyekuwa na haraka.

Anza ukaguzi na karatasi. Visu hivi hutoka na kadi yenye tarehe ya kuzaliwa kwake, lakini kadi inaweza kuhamishwa kutoka kisu kimoja hadi kingine, kwa hiyo linganisha tarehe na chuma. Za mwanzo zilitumia chuma cha aina ya ATS-34, kisha ikaja BG-42. S30V ilitoka 2001, hivyo kadi ya 1999 yenye S30V ni ya uongo. S35VN ilitoka 2009, S45VN miaka kumi baadaye. Sebenza 21 yenyewe ilianza 2008, kuadhimisha miaka 21 tangu ile ya kwanza ya 1987. Anayekuuzia "21 ya 2005" ama amechanganya, ama anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Nakala bandia za 21 ni nyingi. Chukua sumaku na mizani ya jikoni. Sumaku lazima ivute ubapa na isivute kabisa mashavu ya titani. Ile kubwa ya kawaida ina gramu 133 hivi, ndogo 85 hivi. Yenye mbao au kipambo kingine mpinini itatofautiana kidogo. Mizani ikikataa, usiendelee.

Sasa pima ubapa ukiwa wazi, kutoka nchani hadi mpini unapoanzia. Kubwa ni milimita 92, ndogo 75. Ikipungua milimita mbili au zaidi, ama ncha ilivunjika ikachongwa upya, ama kimenolewa mno. Kikunje uangalie: ncha lazima izame ndani ya mpini, isichungulie. Tazama pia unene nyuma ya makali. Ubapa huu umechimbwa pande zote mbili, kwa hiyo kila unaponolewa makali yanapanda kwenye sehemu nene. Kisu kilicholiwa na jiwe kinaweza kunyoa nywele vizuri tu, halafu kikakwama katikati ya karoti.

Kufuli, yaani ule ulimi na kisigino vinapokutana, ndiko wanunuzi wengi wanakosea. Fungua ubapa taratibu, tazama kwa juu ulimi umeingia kiasi gani nyuma ya kisigino. Visu vya chapa nyingine vikiwa vipya ulimi huingia robo hivi, na mtu aliyevizoea akiona umefika nusu au hata karibu robo tatu anadai kufuli limeisha. Kwa kiwanda hiki ndivyo wanavyovitoa vikiwa vipya. La kuogopa ni ulimi uliovuka hadi kugusa shavu la pili. Kisha kamata mpini, sukuma mgongo wa ubapa kwa kidole gumba juu na chini. Usisikie mchezo wowote, yaani ubapa usitikisike. Usiupigize mgongo mezani kama unavyoona kwenye video; unaumiza kisigino bila kujifunza kitu.

Muuzaji akikubali, kifungue. Sebenza ilibuniwa ifunguliwe na mwenyewe, na akikataa bila sababu, mwache na kisu chake. Funguo za alenki (zile za pembe sita) ziwe za inchi, zile zilizokuja na kisu. Seti za milimita zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa zinakaribia tu, na ufunguo unaokaribia ndio unaokula tundu la skrubu. Mikwaruzo kuzunguka tundu hilo inakuambia aliyetangulia alitumia nini.

Tandika kitambaa cheupe. Legeza skrubu ya bawaba, ya pini inayozuia ubapa usipite mwisho wake, na ya nyuma, kisha inua shavu lisilo na ulimi. Utakuta washa mbili (vipete bapa vyembamba), moja kila upande wa ubapa, na katikati ya tundu la ubapa bushi ndogo ya duara. Bushi hiyo ndiyo roho ya 21. Ni ndefu kwa kiasi kidogo mno kuliko ubapa na washa zake zikipangwa pamoja, kwa hiyo ukikaza skrubu mpaka mwisho, mashavu yanabana bushi, hayabani ubapa. Ndiyo maana bawaba hii hairekebishwi kwa kulegeza robo mzunguko: unaikaza kabisa, na ubapa unabaki unateleza.

Futa kila kipande kwa spiriti, pitisha kijiti chenye pamba ndani ya bushi, kausha. Weka grisi kiasi cha kichwa cha kiberiti kwenye kila washa, uisambaze iwe utando. Rudisha vyote, skrubu zote kwa vidole kwanza, halafu kaza bawaba, kisha nyingine. Ubapa ukiegemea upande mmoja, legeza skrubu ya nyuma, nyoosha mashavu kwa mkono, kaza tena.

Bawaba ikishakazwa, tikisa ubapa kushoto na kulia. Ukiwa mgumu, mara nyingi ni uchafu au washa haikukaa sawa, fungua, rudia. Ukicheza ilhali skrubu imefika mwisho, washa zimeliwa au bushi si yake, na hapo tatizo halitaisha kwa kukaza. Wapo wanaosugua bushi kwa msasa ili ifupike na mchezo upotee. Baada ya hapo kisu hakikazi tena inavyotakiwa mpaka kipate bushi mpya. Ukiona alama za msasa kwenye nyuso zake mbili, toa gharama ya matengenezo ya kiwandani kwenye bei, pamoja na usafirishaji wa kwenda na kurudi.

Mistari inayong'aa kwenye titani isikutishe, ni ya mfukoni tu. Kinachotia shaka ni kisu cha 2010 chenye mpini mpya kabisa na kona zilizolainika: mtu amekipulizia mchanga upya, na kama hakuziba ncha ya ulimi, mchanga umepita hapo pia. Rudi ukaangalie kufuli mara ya pili.