Namna ya Kumwambia Mkulima kwamba Kahawa Yake Haifai

Karani anayepokea kahawa ya maganda, yaani iliyokwisha kumenywa tunda lakini bado ina ganda lake la ndani, katika chama cha msingi cha ushirika wa wakulima huko Moshi huwajua karibu wote wanaoleta mizigo, na wengi wao wana umri wa wazazi wake. Ndiyo maana maneno kama "iache kwanza, tutaiangalia" humtoka upesi. Maneno hayo yana sura ya heshima, lakini humnyima mkulima nafasi ya kuokoa mzigo wake.

Heshima ionekane katika salamu, nayo usiikatishe: mpe shikamoo yake, umuulize habari za nyumbani, kisha usizunguke tena. Chota kahawa, menya punje chache mbele yake, mpe azinuse mwenyewe, halafu taja kasoro na la kufanya.

Kahawa ikiwa haijakauka, jambo ni jepesi. Unyevu unaotakiwa ni kati ya asilimia 10 na 12, kwa hiyo sema tu: "Mzee, hii bado mbichi. Irudishe kwenye kichanja."

Ugumu uko kwenye kahawa iliyochacha, ama kwa sababu matunda yalilala bila kumenywa, ama kwa sababu ilipovundikwa ili utelezi wa tunda utoke ilipitishwa muda wake. Hiyo haiponi kwa jua, na kumwambia mkulima akaianike tena ni kumpotezea siku bure. Mwambie: "Hii imechacha, mzee. Kuianika hakutasaidia, na siwezi kuichanganya na ya wenzako." Akiuliza sababu, mweleze kwamba wanunuzi wa mnadani huonja sampuli kabla ya kutaja bei, na kwamba punje chache zilizochacha huharibu ladha ya kikombe kizima, hivyo hasara huwaangukia wanachama wote.

Isemee kahawa, si mtu. Hukuwepo ilipomenywa, huenda mashine iliharibika, kwa hiyo uliza kabla ya kumwita mzembe. Mvute kando ya foleni, lakini usinong'one, maana kunong'onezana karibu na mzani huzaa uvumi wa rushwa kuliko kukataa kwenyewe.

Akikuomba upokee japo nusu, jibu "Hapana, mzee," kisha nyamaza, kwa kuwa kila maelezo unayoongeza hapo yatasikika kama mwanzo wa mapatano. Andika kwenye daftari sababu ileile uliyomwambia, ili karani wa zamu inayofuata asije akampa jibu jingine.