Kokoto za reli ya mfano: lowesha kwanza, gundi baadaye

Mnaojenga reli za mfano, msidondoshe gundi juu ya kokoto kavu. Tone hukaa juu kama kidonge, kisha huviringika na kuacha shimo katikati ya mataruma (vipande vya kulazia reli) uliyoyapanga kwa saa nzima. Inauma kweli.

Sawazisha kokoto kwa brashi laini, halafu nyunyiza maji yenye matone mawili matatu ya sabuni ya kuoshea vyombo. Puliza kwa juu, manyunyu yashuke yenyewe kama ukungu. Ukizielekezea kokoto moja kwa moja zitaruka. Sabuni hupunguza mvutano wa uso wa maji, kwa hiyo gundi nyeupe ya mbao, iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, hunyweka hadi chini. Idondoshe kwa bomba la sindano.

Pale reli zinapoachana tumia gundi kidogo mno, isije ikagandisha ulimi, kile kipande cha reli kinachosogea kuielekeza treni. Futa gundi juu ya reli kabla haijakauka, umeme wa treni upite.

Na kwa kipimo cha 1:87, yaani mfano mdogo mara 87 kuliko kitu halisi, chagua punje ndogo kuliko unavyodhani: ya milimita 1 hapo ni jiwe la karibu sentimita 9.