Kuziba Mtutu wa Bunduki ya Peintiboli: Kutoka Kizibo hadi Mfuko

Zamani wachezaji wa peintiboli, mchezo wa kufyatuliana vidonge vya rangi, walichomeka kizibo cha plastiki mdomoni mwa mtutu, kikishikiliwa na msuguano wa vipete vya mpira tu, hivyo kidonge cha rangi kilichofyatuka kwa bahati mbaya, chenye kasi ya hadi mita 90 hivi kwa sekunde, kiliweza kuking'oa, na kilichofuata kikapita bila kizuizi. Ndiyo maana viwanja vingi leo hudai mfuko wa kitambaa kigumu. Uvishe mtutuni kabla ya kutoka uwanjani, ukiwa bado umevaa miwani ya kinga, kisha vuta kamba yake ya mpira hadi nyuma ya bunduki na uikaze. Kamba ikilegea, mfuko huo ni pambo tu. Rangi ikipasukia ndani, uoshe kwa maji. Kamba ikichakaa, nunua mwingine.