Kufanya kazi juu ya barafu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro: anza na miguu, vipimo baadaye

Kati ya 1912 na 2011 Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 85 ya barafu yake. Iliyobaki lazima ipimwe, na natamani sana wapimaji wawe vijana wetu. Kupima kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Kinachotaka miezi ya mazoezi ni kusimama salama pale unapopimia.

Hatua ya 1: Zoesha mwili
Ukishavuka mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya pale ulipolala jana. Mchana panda utakavyo, mradi ushuke kulala. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaanza, usipande tena. Mwenzako akishindwa kutembea kwenye mstari ulionyooka, mshusheni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na vifaa vyote viko juu.

Hatua ya 2: Miguu
Vaa kramponi, yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti. Tanua miguu kidogo, la sivyo meno yatanasa suruali. Kwenye mteremko wa wastani kanyaga kwa wayo mzima. Kisha jifunze kujizuia ukiteleza: lala kifudifudi, shoka la barafu likiwa kifuani, uligandamize kwa uzito wako wote, huku umeinua nyayo. Kramponi ikikamata barafu kwa ghafla inavunja kifundo cha mguu.

Hatua ya 3: Kamba
Hii ifanyie nyumbani, hata kwenye mwembe. Jua fundo lenye umbo la tarakimu 8, kisha prusiki: kikamba cha milimita 6 unachokizungusha mara 3 kwenye kamba kubwa. Kikibeba uzito kinakaba, ukikilegeza kinateleza. Panda kamba kwa prusiki mbili, umevaa glavu nene, mpaka mikono ifanye bila macho.

Hatari kubwa ya Kibo ni kuta za barafu zilizosimama wima, na vipande hukatika. Usipumzike chini yake. Ukijifunga kwenye barafu huko juu, kwangua kwanza barafu iliyooza, kisha zungusha skrubu ya barafu, ile ya chuma ya kufungia kamba, mpaka kichwa kiguse barafu. Tumia mbili, kamwe si moja. Chuma kikipata jua huyeyusha tundu lake, kwa hiyo zifunike kwa theluji na uzikague kila mara.

Hatua ya 4: Kipimo
Vibali vya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia Tanzania) na vya hifadhi viwe tayari mapema. Toboa kwa kekee, chomeka mwanzi, pima sehemu iliyojitokeza, andika tarehe. Ukirudi, urefu ulioongezeka ndio barafu iliyopotea. Sentimita 10 za barafu ni kama sentimita 9 za maji.

Andika kwa penseli. Safari yangu ya kwanza wino uliganda, nikashuka na tarakimu kichwani. Nilipofika kambini, tarakimu mbili sikuwa na hakika nazo, tukazifuta. Siku hizi nabeba penseli mbili, moja nimeifunga kwa uzi kwenye zipu ya koti.