Somo: Wikendi yako ya kwanza ya mbio za katamarani

Wanachama wengi wa hapa Nairobi wanangoja wajue kwanza kuendesha tanga ndipo waje mbioni. Msingoje. Katamarani, yaani chombo cha tanga chenye bodi mbili zinazoelea sambamba, kama Hobie 16, inaendeshwa na watu wawili, na anayekosekana mara nyingi ni yule wa pili. Njoo uwe huyo wa pili. Utajifunza majini, nahodha akiwa kando yako.

Tunakwenda Naivasha, kama kilomita 90, kwa sababu Bwawa la Nairobi, lile lililo kati ya Lang'ata na Kibra, limezibwa na magugumaji na maji taka. Watu walikuwa wakiendesha vyombo vya tanga pale. Huniuma kila nikipita.

Hatua ya 1: Ondoka alfajiri. Ziwa hutulia asubuhi, upepo huamka kuelekea adhuhuri. Ukitoka mjini saa kumi na mbili, iwe kwa njia ya Limuru au ya Mai Mahiu, utafika kuwe na utulivu wa kuunga vyombo. Beba kofia yenye kamba, viatu vinavyoweza kulowa, jaketi la upepo na nguo kavu. Jua la kule linaunguza hata kukiwa na mawingu.

Hatua ya 2: Tazama juu kabla ya kusimamisha mlingoti. Mlingoti ni wa alumini, na ukigusa waya wa stima unaua. Kisha kagua pini zote za kamba za chuma zinazoshikilia mlingoti, na vizibo vya tezi, yaani upande wa nyuma, katika bodi zote mbili. Kizibo kimoja kikisahaulika, bodi inajaa maji polepole bila nyinyi kujua.

Hatua ya 3: Mwanzo wa mbio. Hapa ndipo ushindi mwingi hupatikana au kupotea, kwa hiyo soma taratibu. Mstari wa kuanzia ni wa kufikirika tu, kati ya boti ya waamuzi na boya. Dakika 5 kabla, bendera ya kwanza hupanda pamoja na mlio. Zikibaki 4, hupanda ya buluu yenye mraba mweupe katikati. Ikibaki 1, hiyo ya buluu hushuka. Mwisho ile ya kwanza hushuka, mbio zimeanza. Kazi yako ni kuhesabu kwa sauti: "Tatu na nusu… tatu…" Nahodha anatazama upepo na vyombo vingine, hana jicho la kutazama saa. Msisimame mkingoja, maana katamarani iliyosimama huchelewa kushika mwendo. Kaeni nyuma ya mstari mkitembea, muuvuke mkiwa na kasi.

Kanuni mbili zitawaepusha na kugongana. Anayepata upepo kutoka mkono wa kulia ana haki ya njia; wa mkono wa kushoto ampishe. Vyombo vikiwa sambamba, vyote vinapata upepo upande mmoja, aliye joshini (upande upepo unakotoka) humpisha aliye demani (upande upepo unakoelekea).

Hatua ya 4: Kubisha, yaani kugeuza chombo ili upande wake wa mbele uvuke upepo. Katamarani ni nyepesi na hupenda kwenda moja kwa moja, kwa hiyo hugoma kugeuka kupita upepo. Shikilia tanga dogo la mbele upande wa zamani mpaka omo (ncha za mbele za bodi) zivuke upepo, ndipo uliachie. Mkikwama na kuanza kurudi nyuma, nahodha ageuze usukani kinyume.

Hatua ya 5: Jioni. Vyombo viwe nchi kavu kabla ya giza, kwani viboko hutoka majini usiku kwenda kula majani. Baada ya hapo ni nyama choma, ugali, kachumbari na mbio kurudiwa upya kwa mdomo. Usikimbilie hemani. Manahodha wanaoshindana vikali mchana ndio hao watakaokueleza, moto ukiwaka, kwa nini walikupita kwenye boya la pili.

Maswali ya wanachama

*Kaka, tukipinduka je? Mimi naogelea kidogo tu.*
Jaketi la kuokoa maisha halivuliwi majini, dada, na wala usiachane na chombo. Legezeni kamba za matanga, elekezeni omo kwenye upepo, mpande bodi ya chini na kuvuta kamba ya kuinulia kwa uzito wenu wote wawili. Mtu mmoja mara nyingi hatoshi. Mwambie nahodha mapema kuhusu kuogelea, na boti ya uokoaji ijulishwe pia.

*Vyombo ni vya aina tofauti. Mshindi anapatikanaje?*
Kila aina ina namba yake. Chenye kasi kina namba ndogo. Muda huzidishwa kwa 1000, ukagawanywa kwa namba hiyo. Katamarani ya namba 820 ikimaliza kwa dakika 41, inaandikiwa 50. Chombo cha bodi moja chenye namba 1000 kikichukua dakika 49 kimeishinda, ingawa kilifika nyuma.

*Mzee, mimi nina mtoto mdogo na siwezi kuingia majini. Nije tu?*
Njoo, mama. Boti ya waamuzi inahitaji mtu wa saa, wa bendera na wa kuandika namba za matanga, na huko ufukweni kuna vyombo vya kupokea. Ukipata wa kukushikia mtoto, saa ni yako. Usipopata, karatasi ya matokeo inajazwa mezani, kivulini, mtoto akiwa karibu. Niandikie kabla ya Alhamisi tu, nyama inunuliwe ya kutosha.